Miguu ya Baridi

Siku mbili kabla ya wageni kufika, mwanafunzi wangu mmoja, muuza vitenge, aliniuliza maana ya "miguu ya baridi". Ninawafundisha Kiingereza wafanyabiashara wa soko la Rumonge, watu wanaotaka kuelewana na wenzao wa Zambia bila mkalimani, na sarufi hawana subira nayo. Siku hiyo niliwapa neno moja tu, baridi, na mizunguko yake yote kwa Waingereza. Mtu akikupuuza, wao husema amekupa bega la baridi. Anayeua bila kutetemeka ana damu ya baridi. Anayekukatisha tamaa amekumwagia maji ya baridi. Hata mafua huyaita baridi.

"Hawa watu baridi iliwatesa," alisema muuza vitenge. "Na hii ya miguu, mwalimu?"

Nikamjibu kwamba ni mtu anayetaka kurudi nyuma jambo likiwa limeshaiva, kama binti anayesitasita karibu na harusi. Darasa zima likaniangalia. Rumonge hakuna siri. Wote walijua kwamba Jumamosi watu wanakuja kuniposa. Nikafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili.

Lakini kwangu Waingereza walikosea. Miguu yangu ilikuwa inawaka. Tangu niseme ndiyo, sikuweza kukaa. Nilianza kufua nikaacha, nikatembea hadi bandarini bila shida yoyote ya huko, nikarudi. Mchumba wangu hakuwa na kasoro, na hilo ndilo lililonitesa. Ana kazi nzuri Bujumbura, ni mpole, anawaheshimu wazazi wangu. Nilimkubali kwa kuwa sikupata sababu ya kumkataa. Simu yake ikiita, niliitazama mpaka inyamaze, nikashukuru, halafu nikajichukia.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwambia shangazi, aliyetoka Minago kuja kunipamba, kwamba moyo wangu haujatulia.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," alisema, pini zikiwa mdomoni.

Nikamjibu kwamba sisi wa ziwani tumevua nguo mara ngapi, tukaona mawimbi, tukajifunga tena kitenge na kurudi nyumbani. Akanichoma na pini. Sijui kama ilikuwa bahati mbaya.

Upande wa mume ulikuwa umetanguliza makasha ya bia na fanta. Kwa desturi yetu sisi tuliotoka Kivu, chupa hizo hazifunguliwi mpaka binti aitwe mbele ya watu wote aulizwe: tunywe au tusinywe? Akikataa, zinarudi zilikotoka. Sikuwahi kuona zikirudi. Mama, kwa kuogopa tusionekane washamba, alikuwa amezijaza zote ndani ya friji ya jirani anayeuza samaki. Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua, kwamba mgeni huulizwa kwanza, ya baridi au ya moto? Na wazee wengi huitaka ya moto, yaani isiyopita kwenye friji.

Nikiwa chumbani, nyuma ya pazia, nilimsikia msemaji wa wageni, mzee mwenye kikohozi, akigusa chupa na kuguna.

"Hii iko baridi sana, mama. Miye na hii kifua yangu, munataka kuniua?"

Wazee wenzake nao wakakataa. Hakukuwa na hata moja ya moto. Mama akacheka kwa aibu, akazibeba hadi uani, akazipanga juani kwenye bati, pale anapoweka madumu ya mawese, mafuta yakiganda kwa baridi ya kiangazi. Baba mdogo, msemaji wetu, akatangaza kwamba swali litangoja.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nililizunguka lile bati nikigusa chupa hii na ile, nikiomba zisipate joto. Nilipogundua ninachokiomba, niliogopa.

"Acha kuzigusa," Mama alisema. "Iko kama mawese tu. Ukiweka moto mukali, chini inaungua, juu inabakia ya kuganda. Acha jua ifanye kazi."

"Na kama jua inashindwa, Mama?"

Akanitazama usoni, kisha akaitazama miguu yangu iliyokuwa haitulii.

Mchumba wangu akatoka akitabasamu. "Uko na wasiwasi?"

"Kidogo."

"Itapita. Ukifika Bujumbura utazoea."

 Nikamwonea huruma, kuoa mwanamke anayeshukuru simu yake ikinyamaza, na huruma hiyo ndiyo iliyonipa jibu.

Chupa zilipopata joto niliitwa. Baba mdogo akainua moja. "Mutoto yetu, hawa watu wametuletea vinywaji. Tukunywe ao tusikunywe?"

Shangazi akanifinya mgongoni.

"Musikunywe," nilisema.

Desturi ni kuuliza mara tatu. Akauliza, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na kila mara nikajibu vilevile. Baba akainuka akatoka nje. Mchumba wangu akainama kutazama viatu vyake, nami nikatamani ardhi inimeze, maana hakuwa amenikosea chochote. Yule mzee akairudisha chupa yake ndani ya kasha.

"Murakoze," alishukuru kwa Kirundi. "Heri leo kuliko kesho."

Gari lao lilipoondoka na makasha yote, niliketi kizingitini. Mama alikuja akaketi kando yangu. Majirani walikuwa wamejaa barabarani, na nilijua aibu ile ataibeba yeye sokoni kuliko mimi. Nilingoja anitukane. Akauchukua mguu wangu, akaushika kama alivyoushika nilipokuwa mdogo mwenye homa.

"Imepoa," alisema, akaanza kulia, bila kuuachia.