Kijiti cha Bibi Nilichokihamisha

Kwetu mtumbwi hauachwi juani. Ukiuacha kiangazi kizima, mtu atapita na kukuuliza kama unatengeneza kuni. Mpunga ukishavunwa na maji yakarudi mtoni, wenye mitumbwi wanaitafutia dimbwi lisilokauka, wanaijaza mawe na kuizamisha mpaka chini, ilale huko kwenye ubaridi, isipasuke. Mvua zikikaribia wanaiibua. Bibi yangu, mama yake baba, amefanya hivyo kila mwaka tangu babu alipofariki. Babu ndiye aliyeuchonga huo mtumbwi, kwa hiyo bibi anauita "mume wetu".

"Wetu" ni mimi na yeye. Mimi ni mjukuu wa kike, na kwa utani wa kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, basi bibi ni mke mwenzangu. Kwa hesabu hiyo baba yangu mzazi ni mtoto wetu. Nilimkumbusha baba jambo hilo siku aliyokuwa ameshika ripoti yangu ya kidato cha tatu. Hakuona kinachochekesha.

Bibi anaishi peke yake Katindiuka, sisi tuko Kibaoni. Shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya mto, na bila mtumbwi hafiki. Mwaka huu baba alianza kumtaka ahamie kwetu. Alikuwa amekuta mboga imetiwa chumvi mara mbili, na siku nyingine bibi alimwita yeye kwa jina la baba mdogo aliyekwisha kufa.

"Mama, kichwa kimechoka," baba alimwambia.

"Kichwa kinachojua mtumbwi umelala wapi hakijachoka," bibi akamjibu, akaendelea kupepeta mchele. Kesi ikaishia hapo.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu.

Likizo ya katikati ya mwaka tuliuzamisha pamoja, mimi nikibeba mawe na kulalamika, yeye akiyapanga ndani na kunisema nina mikono ya karani. Mtumbwi ukishazama, maji yanajifunika juu yake kama vile hakuna kitu. Alama yake ni kijiti cha mwanzi alichokichomeka ukingoni, kimefungwa kipande cha kanga kuukuu chini kabisa, karibu na tope, ili mwizi asikione. Wiki moja baadaye nikapita pale kuchuma matembele. Nikakiona. Nikakichomoa, nikatembea nacho kufuata ukingo mpaka nyuma ya kona ya dimbwi, nikakichomeka huko. Nilipanga kwamba Desemba nitakaa ukingoni na muwa wangu, nimtazame mke mwenzangu akipapasa maji, halafu nimwambie, "Uzee huo." Nilijiona mjanja kweli. Shule ikafunguliwa, nikasahau.

Mvua haikusubiri Desemba. Hatujafunga hata shule, watu wa Mlimba wakaanza kupiga simu: huku inanyesha, haijakatika. Ikinyesha Mlimba sisi huku chini tunajua maji yako njiani. Jumamosi ile baba aliponipakia kwenye pikipiki kwenda kumsaidia bibi, tulipita kivukoni tukakuta kila mtu ana haraka. Mitumbwi imepinduliwa, lami inachemka kwenye makopo, watu wanasokomeza matambara kwenye nyufa.

"Huo mtumbwi au chujio?" mmoja alimuuliza mwenzake.

"Chujio hili hili ndilo lililokuvusha mwaka jana ukiwa umefumba macho."

Kwenye dimbwi maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa. Mto ukishaingia pale, mtumbwi uliolala unafukiwa na tope au unaondoka na maji, huuoni tena. Bibi alikuwa ameshafika kabla yetu, gauni limefungwa kiunoni, ameshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenza. Umekuja kufanya kazi au kula?"

"Vyote."

Akaingia majini mbele ya kijiti, akaanza kuchoma chini kwa pondo. Hapa, tope. Hapa, tope. Mimi nimesimama ukingoni, nimeshaukumbuka utani wangu, na kweli nilikuwa na muwa, na ndani kicheko kinanitekenya mpaka mbavu. Akasogea kulia, akasogea kushoto, akarudi. Baba akavua viatu akaingia naye. Wakapapasa pale muda mrefu, na kicheko changu kikaanza kukosa pa kukaa.

"Wameuiba," baba alisema.

Bibi akatikisa kichwa. "Mwizi anaiba mtumbwi. Mawe anapeleka wapi?"

Chini hapakuwa na jiwe hata moja. Kama mtumbwi ungeibiwa pale, mawe yangebaki. Hapakuwa na mawe, maana yake haukuwahi kulala pale. Nilimwona akiifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, taratibu, maji yamemfika mapajani. Aliangalia kijiti. Akageuka akaangalia mbali, kule ulipo mnara wa simu. Akarudisha macho kwenye kijiti.

"Basi ni mimi," alisema.

Baba akamshika mkono akamtoa majini.

"Kesho njoo na guta," bibi akamwambia. "Kitanda kitaingia, na lile sanduku. Kuku utamuuliza mkeo kama anawataka."

Baba alikuwa ameomba neno hilo mwaka mzima, lakini hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alichota maji akamwoshea bibi tope miguuni, mguu mmoja, halafu wa pili, akamvalisha ndala zake. Mtu mwenye akili angesema hapo hapo. Mimi nilisema, "Baba nenda tu, nitabaki nimsaidie kufunga vitu."

Nyumbani bibi hakunitania hata kidogo. Hicho ndicho kilichonitisha. Alikunja nguo, akafunga masufuria ndani ya shuka, halafu akaliangua kafi la babu kutoka darini, akalipangusa kwa kiganja na kunipa.

"Hili chukua wewe. Huko Kibaoni litakufaa kuanikia soksi."

Nikalishika. Nikasema, "Bibi, kijiti nilikihamisha mimi."

Aliendelea kukunja. Nikadhani hakusikia. Nikarudia, safari hii na sababu zote, Desemba, muwa, na neno "uzee" ambalo halikutaka kutoka mdomoni. Akakaa kitandani.

"Hatua ngapi?"

"Thelathini. Au arobaini. Nilipita kona."

"Thelathini au arobaini?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki," alisema. "Halafu mimi ndiye ninayebebwa kwenye guta."

Nilianza kulia. Alinirushia kanga nipanguse uso, akachukua pondo, kamba na sufuria moja, na nilipotoka nje alikuwa ameshafika njiani.

Dimbwini maji yalikuwa yamepanda kuliko asubuhi. Mimi nilikimbilia ukingoni nikaanza kuhesabu hatua kurudi nyuma, nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Bibi hakunisubiri. Alikuwa anatembea huku anatazama mbali, siyo chini, mpaka akasimama.

"Njoo usimame hapa. Unauona mnara?"

"Siuoni. Umefichwa na ule mti wa mvumo."

"Ndiyo. Mnara ukiingia nyuma ya mvumo, mumeo yuko mbele yako."

Kumbe hakuwahi kukitegemea kijiti. Nikamuuliza, sasa mbona asubuhi hakusema.

"Asubuhi niliuona mnara umekaa pembeni," alisema. "Nikasema, kijiti hakitembei. Kichwa ndicho kimechoka, si mmeshaniambia? Nikakiamini kijiti."

Hakunisema. Afadhali angenisema.

Akachoma pondo. Tope. Akasogea hatua moja, akachoma tena, na nikausikia ule mgongano wa mti na jiwe ukipanda kwenye pondo mpaka mikononi mwake. Akanipa nishike nami niusikie. Kisha akasema, "Zama, mikono ya karani."

Nilizama. Nilitoa mawe yote, moja moja, macho nimefumba, mengine yakiniponyoka na kunidondokea mguuni. Kila nililotoa alilipokea na kulitupa ukingoni. Jiwe la mwisho lilipotoka, mtumbwi ukajinyanyua wenyewe, polepole, kama mtu anayeamka bila haraka, ukatoa pua juu ya maji. Hauna ufa hata mmoja. Tuliyakumba maji kwa sufuria tukaufunga kwenye mkuyu kwa kamba mbili.

"Baba yako utamwambia mwenyewe," alisema tukirudi. "Mimi sipeleki ugomvi wa wake wenza kwa watoto."

Baba alikuja kesho yake na guta, dereva akabaki barabarani. Nilimwambia mbele ya bibi, nimesimama wima kama niko mstarini shuleni. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kibao. Aliuliza kitu kimoja tu, akimwangalia bibi na si mimi: "Kwa hiyo mama alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua," nikasema.

Akatoka akazungumza na dereva, guta likageuzwa tupu. Aliporudi alisema, "Mama, chumba nilishakipaka rangi."

"Kitunzie vitunguu," bibi alimjibu. "Vinapenda sehemu kavu."

Halafu akampeleka mtoni. Alimkalisha mbele kwenye mtumbwi, mtu mzima na suruali yake ya Jumapili, akamvusha kwenda kumwonyesha maji yamefika wapi shambani. Mimi niliachwa ukingoni kuyapanga yale mawe kwa ajili ya mwakani, ndiyo adhabu. Niliwaona wakienda, baba ameshika kingo zote mbili, bibi nyuma anapiga kafi bila kuangalia.

Waliporudi bibi alitupikia uji. Ulikuwa na chumvi mara mbili. Baba alionja akaniangalia, mimi nikaangalia bakuli langu, tukanywa wote mpaka chini. Baadaye bibi aliniita nimpelekee maji ya kunawa, akaniita kwa jina la shangazi yangu.

Nikaitika, nikampelekea maji.