Njia ya daktari ilipouzwa kwa mpira

Jua la mchana linachoma mabati ya ghala la chama cha wakulima wa kahawa, Nyaishozi, na Salvina Egbert yuko juu yake, spana mkononi, uso umekunjamana. Anakaza nati ya dishi dogo linalotazama mlima wenye mnara, anasoma nguvu ya mawimbi kwenye simu, anaguna, anailegeza nati na kuanza upya.

Chini, wanaume wanaogeuza kahawa ya maganda uwanjani wameacha kumtania. Asubuhi mmoja wao aliuliza kama mumewe anajua alipo, akajibiwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

"Mimi siko hapa kufurahisha mtu," anasema akishuka ngazi. "Nimekuja kurudisha kitu kilichoibwa."

Salvina, mwenye umri wa miaka 34 na mzaliwa wa Rugera, ni fundi wa mtandao. Waya na madishi anayajua, lakini kazi yake hasa iko ndani ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Humo ndimo anamoamua nani apite kwanza, nani asubiri, na kila simu iruhusiwe kufungua miunganisho mingapi kwa wakati mmoja.

"Watu wanadhani simu moja ni mgeni mmoja mlangoni," anaeleza. "Wapi! Simu moja inaingia na ukoo mzima. Picha, matangazo, video zinazojifungua zenyewe. Usipoiwekea ukomo, mtu mmoja anayepakua filamu anaijaza ruta, na ninyi wengine mnabaki kulalamika mtandao mbovu."

Kwa miaka mitano aliifanya kazi hiyo mjini Kayanga, katika kampuni ndogo ya mfanyabiashara aitwaye Deodatus, kwa mshahara wa shilingi 350,000 kwa mwezi. Miongoni mwa wateja ilikuwemo zahanati moja ya binafsi katika kata ya Chonyonyo. Zahanati hiyo haina daktari. Wagonjwa wenye hali ngumu huonwa kwa video na daktari aliyeko Bukoba.

Tatizo la kwanza pale lilikuwa ukarimu. Muuguzi Vero alikuwa akimpa paswedi kila aliyeingia. Huku, mgeni akifika hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa shida yake, na Vero hakuona kwa nini mtandao uwe kitu cha kunyimana.

"Mama ametembea na mtoto mgonjwa mgongoni, anataka kumtafuta mumewe, nimwambie hapana?" anauliza Vero. "Nitakuwa mtu gani?"

Salvina hakumgombeza. Aliwatengenezea wageni mlango wao, kila simu na ukomo wake. Kisha akapanga foleni tatu kwenye ruta kuu ya mnarani. Ya kwanza ilikuwa ya daktari: simu za video na picha za wagonjwa. Ya pili ni malipo na ujumbe. Ya tatu ni mpira, filamu na mengineyo. Daktari asipokuwepo wengine hupita watakavyo, lakini akitokea wote humpisha papo hapo. Zahanati iliilipia foleni hiyo ya kwanza kila mwezi.

Deodatus alikuwa na mteja mwingine, mwenye kibanda umiza kikubwa pale mjini, anayewatoza watu kiingilio waangalie mpira wa mtandaoni. Huyu alilalamika kwamba picha yake hukwama kila daktari anapopiga. Deodatus hakumshirikisha fundi wake. Aliingia kwenye ruta mwenyewe, akakipandisha kibanda umiza foleni ya kwanza na kukiondolea ukomo. Kwa maneno mengine, aliuza mara ya pili kitu alichokwisha kukiuza.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi kubwa. Siku hiyo hiyo Mugisha, mtoto wa miaka sita wa mkulima Laurensia, alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mkono. Nyumbani walimfunga vijiti na kitambaa, wakakaza sana. Alipofikishwa zahanati vidole vilikuwa vimevimba, na Vero aliogopa kufungua asije akausogeza mfupa.

Akampigia daktari kwa video. Picha ikaganda. Akapiga simu ya kawaida, na daktari akamwambia hawezi kuamua bila kuona, atumiwe picha. Vero akaituma. Ikazunguka, ikazunguka, ikagoma, akaituma tena.

Picha ilifika Bukoba jioni, mpira umekwisha. Daktari alipoiona alipiga kelele: kateni kitambaa sasa hivi, mkimbizeni hospitali. Mkono uliokolewa, lakini vidole vya Mugisha havikunjiki tena.

Jumatatu Salvina alifungua ruta akaona kilichofanyika. Akamfuata Deodatus ofisini.

"Salvina, mdogo wangu, tulia," anamkumbuka akisema. "Waambie zahanati radi ilipiga mnara."

"Radi gani, bosi? Jumamosi kulikuwa na jua kali!"

"Basi waambie chochote. Wewe ndiye fundi, watakuamini."

Salvina aliacha funguo za ofisi mezani akatoka. Hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda hadi Chonyonyo, akamkuta Laurensia shambani, akamsimulia yote.

"Aliniuliza swali moja tu," anasema Salvina. "Aliniuliza nani alishinda. Nilitamani ardhi inimeze."

Alipopigiwa na mwandishi, Deodatus alisema lilikuwa tatizo la kiufundi na kwamba fundi wake wa zamani ni mtu wa jazba. Kuhusu jazba hakukosea.

Tangu hapo zahanati na chama cha kahawa wamechanga ili wawe na laini yao wenyewe, na Salvina anaifunga bila malipo hadi itakapowaka, akijikimu kwa kutengeneza simu. Lakini wiki hii Deodatus amewaletea wakulima ofa: mtandao kwa nusu ya gharama, mradi wamwache Salvina. Ndiyo maana alasiri hii wanachama wameketi ghalani juu ya magunia.

Mwenyekiti, Mzee Kashaija, anaisoma ofa hiyo bila kuisifu. Kisha anamgeukia fundi.

"Binti yangu, ofa tunaweza kuikataa. Ila nikuulize. Siku ya mnada wa kahawa, sisi tukiwa tunafuatilia bei mtandaoni, huyo daktari wako akipiga, sisi tunapishwa kando?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata dakika za mwisho? Si siku moja tu kwa msimu, tupite sisi kwanza?"

Minong'ono ya kukubali inasambaa. Salvina anasimama, shingo imemvimba.

"Shikamoo zenu zote nimezitoa asubuhi, kwa hiyo msiseme sina adabu," anasema. "Deodatus naye alimfungulia mteja mmoja tu. Mkiifungua foleni ya kwanza kwa kahawa mtaifungua kwa harusi, na mtaifungua kwa mpira. Kama ndivyo mnavyotaka, chukueni ofa yake, mimi nipande juu nikang'oe dishi langu."

Nyuma kabisa, Laurensia anainuka. Yeye naye ni mwanachama.

"Kahawa yangu imo humu ghalani," anasema. "Bei nisipoiona siku hiyo, nitaambiwa kesho yake. Mpisheni daktari."

Mzee Kashaija anaita kura. Mikono inainuka, ya kwake ikiwa ya mwisho, lakini inainuka.

Safari hii, anasema Salvina baada ya kikao, hakuna atakayebadili foleni peke yake. Paswedi ya ruta imegawanywa: nusu anayo yeye, nusu anayo Vero. Mvua zikikatika anataka kuivusha laini hiyo hadi Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambako kuna zahanati nyingine inayomtegemea daktari wa mbali.

Na Deodatus, je? Amemsamehe?

"Sijamsamehe," anasema akiokota spana yake. "Na usiende kuandika kwamba nimesamehe ili habari yako iishe vizuri. Mugisha anaanza shule Januari, na mkono wenyewe ni wa kulia."