Mishipa ya Bi Harusi

Mikono yangu hii ukiishika utaihesabu mishipa yote. Ngozi ya uzee nyembamba, na nyama imekwenda zake. Marehemu mume wangu alikuwa hamali bandarini, yeye yake ilimtutumka tangu ujana kwa kubeba magunia, na nisiseme uongo, ndiyo iliyonipendeza kabla sijaitazama sura. Skuli sikukaa sana, lakini mishipa naijua. Kuna ya kazi, kuna ya uzee, na kuna ile wanawake tukiiona kifuani mwa msichana tunatazamana kimya.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutia kiwewe mwaka jana, nyumbani kwa mwanangu wa kiume, Michenzani. Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa aolewe Ijumaa. Alikuwa akifanya kazi hoteli moja Matemwe, akaiacha, tukamweka ndani kama ilivyo desturi. Jua halimpati, kila siku namsugua singo ya kung'arisha ngozi mwili mzima, kisha namfukiza udi. Shangazi yake, ndiye binti yangu mkubwa, akinisaidia kuchanganya unga wa liwa na marashi.

Jumatano alasiri nikamkalisha kwenye kigoda, chetezo cha udi chini yake, nikamfunika kanga mpaka shingoni. Madirisha tumefunga ili udi usitoke. Chumba kile kidogo, joto lake mkate wa kumimina ungeiva. Nilipomfunua, nikaona mistari ya kibuluu imetoka mabegani, inashuka mpaka kwenye maziwa.

Shangazi akanivuta pembeni. "Mama, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Usijitie upofu. Na mimi nimezaa. Kifua changu kilianza hivyo hivyo kabla sijatapika."

Hata mimi mimba yake yeye ilinianza hivyo. Ukumbini, nyuma ya pazia, mwanangu alikuwa amekaa na wajomba wa bwana harusi wakinywa kahawa. Neno moja likivuka pazia lile, harusi imekwisha, na mjukuu wangu hana pa kuuweka uso wake.

"Nnakwenda kumwambia kaka," shangazi akasema. "Bora ajue leo kuliko kuja kurudishiwa mtoto."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, mama? Hoteli ile imejaa wanaume!"

Kumbe mjukuu wangu anasikia. Akainuka na kanga yake kifuani, machozi yanachuruzika, lakini sauti kaishika isifike ukumbini.

"Bibi, niulize wewe. Wewe ndiye mtani wangu, mke mwenzangu."

Nikamshika mkono. "Mke mwenzangu, una kitu tumboni?"

"Nna njaa! Nguo ya harusi haifungi zipu, tangu wiki iliyopita nakula tende na chai. Mwili umeisha, na mmenifungia humu nikapauka, mmenioka kama samaki, halafu mnashangaa mishipa inaonekana!"

"Maneno hayo yamepangwa," shangazi akasema, na mkono wake ukafika kwenye pazia.

Nikakaa mbele ya pazia, chini sakafuni, na magoti yangu haya. Nikamwambia ukitaka kupita, mruke mama yako. Ukumbini wakacheka kitu, nikalishika pazia lisifunguke.

Mjukuu wangu akakisukuma kigoda kwa mguu. "Shangazi, kaa wewe."

"Nikae mimi? Kwani mimi ndiye ninayeolewa?"

"Kaa," nikasema.

Akakaa kwa hasira, mnene yule, nikamfunika, nikaongeza udi. Jasho likaanza kumtoka kwenye nyusi.

"Mama!" mwanangu akaita.

"Naam!"

"Bado tu? Wageni wanataka kuaga."

"Bado! Tunamfukiza dada yako."

Huko mjomba mmoja akapasuka kwa kicheko.

Nilipomfunua shangazi, mishipa imemsimama shingoni na mikononi, na miguuni inajipinda mpaka kwenye kifundo. Mjukuu wangu akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Hongera, shangazi. Wa miezi mingapi?"

Shangazi akajifunga kanga, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na papa wa nazi. Akaiweka mbele ya mtoto, akaichukua nguo ya harusi kwenda kuifumua ubavuni. Mwaka umepita tangu harusi, mimba haijaonekana, na leo shangazi ndiye anayeuliza kila wiki kama mjukuu wangu bado hajaanza kutapika.

Siku ile nilibaki kumalizia singo ya miguu. Mjukuu wangu akala, akanywa maji, ndipo akaniuliza.

"Bibi, na wewe ulidhani hivyo?"

Nikamwambia kweli. "Nilidhani. Mpaka uliposema una njaa."

Akauvuta mguu wake, akaukalia. Liwa ilinikaukia kiganjani nikimngoja. Hata adhana ya Magharibi ilipolia, akaunyoosha tena.

"Haya sugua," akasema. "Lakini leo udi basi."