Siku kijiji kizima kilipochangia samli kwenye haidroliki ya boti, Ziwa Kitangiri

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo zenu.

Mimi humu ni msomaji tu, siandikagi. Lakini jana nimeona mtu kauliza mguu wa boti yake haupandi, na watu wanamshauri amimine mafuta yoyote aliyonayo jikoni. Nikasema hapana, leo naandika. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na kama kuna mzee wa Iramba humu aliyekuwepo, aje anikosoe.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, watu tumeshahamia vijijini.

Mimi ni Mnyaturu wa Mungaa, fundi wa magari. Nilipangiwa kijiji kimoja cha ujamaa kando ya Ziwa Kitangiri, nikaenda na mke wangu Elizabeti, kazi yangu kutunza trekta. Baadaye wafadhili wakaleta boti ya injini, nikakabidhiwa na yenyewe.

Wanyiramba, wenyeji wa pale, walinicheka hadi basi. "Mtu wa Mungaa maji kayaona kisimani, leo tunampa boti!" Nikaipokea tu, ningefanyaje.

Niwaeleze mtambo kidogo kwa wasioujua.

Injini ilikuwa ndani ya boti, ila nyuma kwa nje kuna mguu unaoingia majini, na propela iko huko. Mguu huo unapandishwa na kushushwa na jeki mbili za haidroliki, kama tipa linavyonyanyua bodi. Kuna kitenki kidogo cha mafuta, pampu ya umeme wa betri, na mipira ya kupitisha mafuta. Unabonyeza swichi, mguu unapanda. Ndiyo trim hiyo.

Sasa Kitangiri ni ziwa la kina kifupi na pembeni ni tope tupu. Mguu usipopanda unalima tope, boti inakwama mbali na ukingo. Bila trim huna boti, una beseni kubwa.

Na boti ile ndiyo ilikuwa njia yetu ya zahanati, ng'ambo ya ziwa. Masika yakianza, barabara inakuwa uji, gari halipiti. Masika yaliyotangulia, kabla boti haijaja, Elizabeti alishikwa na uchungu tukiwa hatuna pa kupita. Tulimbeba kwenye kitanda, tukakwama njiani. Mtoto tulimzika.

Na wakati wa kisa hiki alikuwa mjamzito tena, mimba ingetimia katikati ya mvua. Kwa hiyo mkiniona nahangaika na mafuta ya boti mjue nilikuwa nahangaikia nini.

Kilichotokea ni hivi. Tope la ziwa lile linaganda kwenye vile vyuma vinavyong'aa vya jeki. Vikirudi ndani vina mchanga, vinakwangua sili zinazozuia mafuta, yanavuja. Tenki likakauka, mguu ukagoma. Nikapanda lori kwenda Singida mjini kutafuta sili na mafuta.

Huku nyuma ikaja habari: mkaguzi kutoka mkoani yuko njiani. Boti isiyofika ukingoni haina kazi, atakuja na amri ya kuihamishia ziwa lingine.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mkumbo, hakuwa mtu wa kukaa akisubiri. Akapiga ngoma ya mkutano. "Ndugu zangu, fundi amesema boti imeishiwa mafuta. Sisi tumekosa mafuta?"

Wakuu, kijiji kikachanga!

Kila kaya ikaleta kibuyu. Huyu mafuta ya karanga, yule ufuta, yule nyonyo. Wenye ng'ombe wakaleta samli, nyingi kuliko yote. Samli! Na mwaka ule chakula kilikuwa cha shida, mjue. Wakayeyusha, wakachuja kwa kitambaa safi, wakamimina tenkini hadi likajaa.

Narudi mchana na sili zangu na mafuta, jua kali, nakuta watu wamejaa ukingoni wanashangilia. Mzee Mkumbo mwenyewe yuko kwenye swichi. Mguu unapanda, unashuka, akina mama vigelegele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umechelewa. Boti imepona."

Nikainama kunusa. Mama yangu weee! Boti inanukia kama jikoni siku ya harusi.

Damu ilinipanda, nisiwafiche. Nilitaka kufoka. Nikamwambia mzee, kwa adabu, kwamba tuyatoe yote tuweke ya haidroliki niliyoleta. Akanitazama vibaya sana. "Jasho la wananchi nilimwage chini? Na mguu unapanda unauona?"

Watu wakaanza kunung'unika. Bibi mmoja akasema nimekuja kuwadharau kwa sababu ya mafuta yangu ya mjini. Elizabeti akanivuta shati, akaninong'oneza: "Nyamaza, watakuona una kiburi. Chota kidogo uweke kwenye bakuli, asubuhi waone wenyewe."

Mke huyo Mungu alinipa, acheni tu.

Nikachota mafuta kutoka tenkini mbele ya mzee, nikatia kwenye bakuli, nikamwomba akae nalo kwake usiku, lakini aliache nje, penye baridi. Ilikuwa kipupwe, na upepo wa ziwani asubuhi unauma.

Asubuhi Mzee Mkumbo akaja kwangu na bakuli mkononi, amejifunga blanketi. Akaligeuza juu chini. Hakikumwagika kitu.

"Fundi," akasema taratibu, "na huko ndani ya mipira iko hivi?"

"Ndiyo mzee."

Tukaenda kubonyeza swichi. Pampu ikalia mmm, mguu kimya. Na mkaguzi anategemewa siku hiyohiyo.

Hapo nikaona watu. Yule bibi aliyeninunia ndiye wa kwanza kuwasha moto. Akina mama wakaleta maji ya moto kwa masufuria, tukawa tunamwagia jeki na mipira hadi samli ikayeyuka. Nikafungua mipira, ikatoka yote, wakaikinga kwenye vyungu, maana hakuna aliyekubali kitu kipotee. Baadaye waliitumia kulainishia ngozi.

Nikabadilisha sili. Nikasafisha tenki kwa mafuta mapya kidogo, nikayamwaga, ndipo nikajaza. Kisha nikalegeza kifuniko, panda, shuka, panda, shuka, hadi upepo wote ukatoka. Mara ya kwanza mguu ulitetemeka. Halafu ukapanda mlaini kabisa.

Hatujanawa hata mikono, Land Rover hiyo.

Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, hacheki. Akataka apelekwe ng'ambo na kurudi. Nikampeleka. Wakati wa kurudi, kwenye kina kifupi, nikapunguza moto, nikabonyeza swichi. Mguu ukapanda, boti ikateleza hadi ukingoni. Jamaa akashuka na viatu vyake vikavu.

Akanusa nusa. "Ndugu mwenyekiti, hii boti mbona inanukia mchuzi?"

Mzee Mkumbo akajibu palepale: "Nayo ni mgeni wetu, ndugu. Hapa mgeni halali njaa."

Yule bwana alicheka hadi akashika mlango wa gari. Boti ikabaki.

Mvua zilipokolea, Elizabeti alishikwa na uchungu asubuhi moja, barabara imeshakatika. Nikamvusha. Akina mama watatu wako naye ndani ya boti, na mimi mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye swichi. Mguu ulipopanda pale ng'ambo sikungoja kufunga kamba. Tulimfikisha zahanati akiwa anatembea kwa miguu yake. Binti yangu alipolia mle ndani, mimi nilikaa chini palepale nje kwenye matope, nikalia kuliko yeye.

Ni mama mtu mzima sasa, ana wajukuu.

Funzo: mafuta ya haidroliki ni ya haidroliki, usichanganye na ya kukaangia. Angalia kiwango mguu ukiwa chini. Futa tope kwenye vyuma vya jeki kabla hujavirudisha ndani, kila safari. Na mtu akikosea kwa sababu anakupenda, mwoneshe kosa bila kumwaibisha. Ningefoka siku ile, boti ingeondoka na mkaguzi, na binti yangu sijui tungempitisha wapi.

Wenye boti, waliokulia Kitangiri, na wewe unayebisha kuhusu samli, uwanja ni wenu. Nipo nasoma.