Jaji Hataki Kuimbiwa

Mtaani walimwita Jaji. Jina hilo alipewa na mama yake, marehemu sasa, kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama wageni tangu utotoni: kichwa kimelala upande, jicho moja limefinywa, mdomo umebetuka kama wa mtu anayesikiliza uongo na kuuacha uendelee. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikwenda ilikotaka yenyewe, miguu haikuwahi kumbeba, na maneno yake yalitoka yakiburutana na kukwaruzana hivi kwamba asiyemzoea alisikia mlio tu. Kichwani lakini alikuwa mzima kuliko wengi waliompita barabarani kwa miguu yao. Kusoma alijifunza kwa kukaa pembeni mdogo wake akisoma masomo ya shule kwa sauti, na baada ya muda akaanza kumsahihisha. Sasa ndevu zilishaingia mvi, na watu wote duniani aliwagawa mafungu mawili: wajinga wanaojijua na wajinga wasiojijua. Waliomhurumia aliwatupa fungu la pili bila hata kusikiliza utetezi.

Aliishi na huyo mdogo wake, mwanamke mjane, msusi. Wateja walisukwa barazani, na Jaji alikaa hapohapo kwenye kiti chake cha magurudumu, redio mapajani, akitoa hukumu. Msusi ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alimwelewa kila neno, hata la kunong'ona. Tatizo ni kwamba aliyaosha maneno hayo kabla ya kuyatoa. Jaji akisema, "Mwambie huyu kichwa chake kimekuwa kama fagio la uani," msusi alitabasamu na kumgeukia mteja: "Kaka anasema umependeza." Mteja alifurahi. Jaji alitazama ukuta kwa dharau, na dharau hiyo ilikuwa kwa mdogo wake, maana na mteja alishamalizana.

Kilichowapeleka ofisi ya ustawi wa jamii ni mgongo wa msusi. Asubuhi moja alikuwa anamnyanyua kaka yake kutoka kwenye kigoda cha bafuni, kama alivyofanya tangu mama yao afe, mara kitu kikalia ndani ya kiuno chake na wote wawili wakaanguka sakafuni penye maji. Walilala pale, mmoja akilia, mwingine akitukana sabuni, mpaka mteja wa kwanza alipokuja akawasikia. Daktari hakumung'unya maneno: msusi akiendelea kubeba, nyumba itahitaji viti viwili vya magurudumu.

Ofisini waliingizwa kwenye chumba chenye picha kubwa za watu wanaocheka. Afisa alikuwa mama mmoja mchangamfu, sauti laini, aliyeinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Jaji, akampigapiga shavuni.

"Hujambo mpenzi? Umekuja kututembelea?" Kisha akamgeukia msusi. "Mtoto wetu huyu anakula mwenyewe?"

Jaji alimtazama. Huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi tu, na hata shikamoo hakumpa.

"Mwambie," akasema, na ilimchukua muda kulitoa, "nilikuwa na ndevu yeye akiwa bado anatambaa. Na atoe mkono wake usoni kwangu, unanuka kitunguu."

"Anasema nini?" afisa akauliza, uso umeng'aa.

"Anashukuru kukufahamu," msusi akajibu.

"Jamani! Malaika wa Mungu!"

Jaji akafumba macho. Kwa hukumu yake chumba kile kilikuwa na wapumbavu wawili, na mmoja wao alizaliwa naye tumbo moja.

Ofisi ilikubali kuwapa mhudumu wa kuja nyumbani kila asubuhi. Wa kwanza alikuwa mwimbaji. Alifika na kitambaa cha maua kichwani, akapiga makofi mlangoni, akaanza kuimba nyimbo za watoto wa chekechea. Aliimba akimvalisha Jaji shati. Aliimba akimnyang'anya kijiko, ingawa kijiko ni kitu ambacho Jaji alikimudu, polepole na kwa kumwaga kiasi, lakini alikimudu. "Ndege inatua, fungua uwanja!" alisema, akilisukuma jino la mwanaume wa makamo kwa kijiko cha uji. Kumbeba hakuweza. Mifupa yake ilikuwa myepesi kama ya kuku, kwa hiyo kazi ya bafuni ikarudi mgongoni kwa msusi, na nyimbo zikaendelea nje ya mlango. Jaji alitema uji siku kadhaa mfululizo hadi mwimbaji akasema mtoto hana raha naye, akaacha kuja.

Wa pili hakuimba. Huyo alipiga picha. Alimkumbatia Jaji asiyetaka kukumbatiwa, akanyoosha simu juu, akapiga, akaziweka mtandaoni na maneno ya kuwaliza marafiki zake. Kati ya picha moja na nyingine alisahau kumfuta mate. Huyo alidumu mpaka Jaji alipojifunza kutoa ulimi kila simu inaponyanyuliwa.

Wa tatu akaja mwanaume. Alikuwa amebeba magunia ya saruji maghalani kwa muda mrefu kabla hajapata kazi hii, mabega kama mlango wa duka, na hakuwa na chembe ya uchangamfu. Alisimama mbele ya kiti, akamkagua Jaji kama anayepima mzigo.

"Una uzito gani?"

Jaji alijibu kwa kebehi: "Kamuulize mama yako."

"Sijasikia," mwanaume akasema. "Rudia."

Jaji alishtuka. Watu wote aliowahi kukutana nao wasipomsikia walitikisa kichwa na kuitikia "ndiyo, ndiyo," kama wanaombembeleza mbuzi. Akarudia.

"Bado. Meza mate kwanza. Rudia."

"Mjinga!"

"Hilo nimelipata," mwanaume akasema. "Twende bafuni."

Jaji alimpa jina la Kuli. Kuli naye akamwita Mheshimiwa, kwa sauti ambayo haikuwa na heshima yoyote. Alimbeba kwa mkupuo mmoja, bila kuguna na bila kusema "pole," akamkalisha, akamwagia maji, huku redio ikiwa dirishani. Walibishana kuhusu taarifa ya habari, kuhusu timu zao za mpira, kuhusu kama samaki wana akili. Kuli alikuwa mbishi asiyejua lolote, na Jaji alimwambia hivyo kila siku. Kuli alimjibu kwamba mtu anayeogeshwa hana haki ya kuringa. Kila neno asilolisikia alimlazimisha alirudie, hata mara ngapi, hadi koo la Jaji likakauka, na baada ya muda hakuhitaji tena mkalimani. Msusi, mgongo umefungwa mkanda, alianza kulala asubuhi. Aliamshwa na matusi kutoka bafuni, akageukia upande wa pili, akalala tena.

Jaji hakuwahi kusema kwamba anampenda yule mtu. Alisema tu kwamba Kuli yuko kwenye fungu la kwanza la wajinga.

Ukaguzi ndio ulioharibu. Afisa alikuja siku moja bila taarifa, na mwenzake wa ofisini, wakamkuta Kuli barazani na wembe mkononi, akimnyoa Jaji ndevu na kupaza sauti: "Wewe mzee mpumbavu kabisa! Timu yenu imeoza mpaka mizizi, na ukitikisa kichwa tena nakukata sikio!" Jaji alikuwa anacheka, mwili mzima unaruka kwenye kiti. Afisa hakuona kicheko. Kwake kile kilikuwa kifafa au kilio.

Kuli aliondolewa nyumbani hapo siku hiyohiyo. Kosa lake, waliambiwa, ni kukosa lugha ya upole kwa mteja. Kesho yake makofi yakasikika mlangoni na kile kitambaa cha maua kikaingia, kikiimba.

Msusi alinyanyua tena. Asubuhi ya kikao walichoitiwa ofisini, kikao cha kuipa familia pole kwa ukatili iliotendewa, alimtoa Jaji bafuni huku ameuma meno, na alipomfikisha kitandani alikaa sakafuni akashindwa kusimama kwa muda. Jaji alimtazama kutoka juu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa na hukumu ya kutoa.

Kwenye kikao afisa alikuwa na wenzake wawili, na maji ya chupa mezani. Alisema kwa masikitiko. Alisema ofisi imeumia. Alisema "mpendwa wetu" mara nyingi, akimtazama msusi, kana kwamba kiti cha magurudumu kimekuja kitupu.

Jaji akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, mate yakimtoka, mkono wa kulia ukipiga upande wa kiti. Wale wawili wakayaangalia maji yao. Alipomaliza, afisa akauliza kwa upole, "Anasemaje?"

Msusi akafungua mdomo. "Anasema anashukuru kwa..."

"Yote," Jaji akasema.

Neno hilo lilitoka safi, kila mtu akalisikia. Msusi akajishika kiuno, akajiweka sawa kwenye kiti, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa kavu.

"Anasema wewe ni mama mwenye sauti ya asali na akili ya kijiko. Anasema umemshika shavu na hujawahi kumuuliza jina lake. Anasema yule mwimbaji wenu hawezi kunyanyua hata paka, na nyimbo zake zinafaa kufukuza panya. Anasema mtu pekee mliyemleta nyumbani kwetu aliyemsikiliza ni yule mliyemfukuza, na mlimfukuza kwa sababu nyinyi hamjui tofauti ya mtu anayecheka na mtu anayekufa."

Afisa alikuwa amebadilika rangi. "Hayo ni ya kwake," akauliza, "au ya kwako?"

"Ya kwake. Mimi ningesema kwa adabu."

Jaji aliongeza jambo, fupi. Msusi alimtazama, kisha akalitoa.

"Anasema mimi ni mwoga. Nimemdanganyia maneno yake maisha yetu yote, na watu hawajamjua kwa sababu yangu." Akamgeukia afisa. "Hilo nalo ni la kwake. Na ni kweli."

Kisha akaongeza la kwake mwenyewe: kwamba mgongo wake umekwisha, na kama hawana mtu mwingine anayeweza kubeba, waseme, asipotezewe muda kwa pole.

Majuma yakapita bila jibu. Mwimbaji hakurudi tena, na mahali pake hakuletwa mtu. Mteja mmoja wa kusuka aliyekuwa na jamaa ofisini aliwanong'oneza kwamba Jaji amewekwa kwenye kundi la wateja wagumu, wenye matatizo ya tabia, na kwamba wahudumu wapole wote wamekataa kwenda kwake. Habari hiyo Jaji aliipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwa hao wagumu ofisi ilikuwa na wahudumu wachache, wale ambao hawakufaa kupelekwa kwingine. Asubuhi moja mlango ukasukumwa bila hodi.

"Umenuka, Mheshimiwa," Kuli akasema. "Barabarani nilidhani kuna mfereji umeziba."

"Rudia," Jaji akasema. "Sijasikia."

Afisa hakubadilika hata kidogo. Kwenye redio, siku ya maadhimisho ya watu wenye ulemavu, Jaji alimsikia akisimulia jinsi ofisi yake inavyosikiliza sauti za wahitaji, na jinsi mzee mmoja alivyowahi kumgusa moyo kwa maneno yake. Jaji alicheka mpaka Kuli akalazimika kumshika asianguke bafuni.

Msusi naye, tangu kile kikao, aliacha kuosha maneno. Mwanzoni aliogopa, baadaye akaonja utamu wake. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa na mazoea ya kuja kila wiki na ndizi mbivu, kukaa mbele ya kiti na kutikisa kichwa kwa huruma, "masikini, masikini," hadi ndizi ziishe. Wiki ile Jaji alisema neno lake la kila wiki, na kwa mara ya kwanza msusi akalitafsiri kama lilivyo. Jirani alisimama, akajifunga kanga, akaondoka na sahani yake.

Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

"Zilikuwa ndizi nzuri," Kuli akasema siku moja, akitazama njia ya kwa jirani.

"Zilikuwa za kawaida tu," Jaji akajibu, akageuza uso. Lakini kila nyayo zilipopita nje ya baraza alipunguza sauti ya redio, akasikiliza, kisha akaiongeza tena kwa hasira.