Faili ya Majaribio

Daktari wa kliniki moja ya mtaa wa Nguba aliniita nimchagulie programu ya bure ya kuandika fakture, yaani hati za malipo, na faili za wagonjwa. Shule niliiacha mapema, lakini kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Kwenye daftari, muuguzi aliandika kila jeraha la risasi kuwa ajali ya pikipiki, kwa sababu watu wenye silaha hupita kuuliza nani ametibiwa risasi. Mimi nilimbembeleza anitajie ukweli, nikauingiza kwenye faili ya majaribio. Siku ya majaribio nikatafuta neno "risasi", na papo hapo majina ya majeruhi yakajipanga pamoja na mitaa yao.

"Ona, docteur, iko mbio!"

"Hata wale wenye silaha wakija, wataona iko mbio. Futa, papa."

Nilifuta. Sikumwambia kwamba jana yake, nilipokwama, niliituma faili ileile kwenye jukwaa la mtandaoni la watengenezaji wa programu hiyo, ambako yeyote husoma, nikiomba msaada.