Mlango Aliokalia Mzee Mhando

Sipendi kupita karibu na ile nyumba niliyokuwa nimepanga Korogwe, kwa sababu kina mama wa pale barazani wakiniona tu, mmoja wao lazima ainuke na kutembea amejishika kiuno kwa nyuma, na wengine wanaangua kicheko. Acheni niwasimulie mwenyewe, maana hadi Segera nimekuta kisa hiki kinasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na wamekizidisha (eti nilimpigilia mzee wa watu misumari). Misumari haikuwepo. Ilikuwa gundi.

Mnanijua nilivyo. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga, miguu ndiyo haikutulia. Nimeuza machungwa Segera, nimelima mashamba ya watu Mashewa, nimejifunza kufungua injini ya pikipiki na sikujifunza kuifunga (mwenye pikipiki hadi leo hanisalimii). Kwa hiyo Zaina alipowaambia kwao Kwamsisi kwamba nataka kumuoa, baba yake, Mzee Mhando, alijibu kwa ufupi: "Huyo kijana hamalizi kitu." Kisha akasema atakuja Jumapili aone kwa macho yake ninavyoishi.

"Akikuta kitu ulichomaliza, hata kimoja, hatakuwa na neno," Zaina aliniambia kwenye simu. "Asipokuta, basi tena. Tafadhali, maliza lile kabati."

Kabati la vyombo nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe, zuri tu, ila halikuwa na mlango, nilikuwa nimelifunika kwa kipande cha pazia. Mtu mwenye akili angekata ubao mmoja ulionyooka, akafunga bawaba mbili, akaenda kulala. Lakini mimi niliwahi kuona, kwenye gesti moja pale Segera, kabati lenye mlango uliopinda kama tumbo la mtungi, na nililizunguka na kulipapasa mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikaamua na wangu upinde.

Sasa mlango wa namna hiyo haukatwi, unakunjwa. Unachukua vipande vitatu vya plaiwudi nyembamba, ile ya kupigia dari, unavibandika kimoja juu ya kingine kwa gundi nyeupe ya mbao, unavibana vikiwa vimepinda, na gundi ikikauka havinyooki tena. Mafundi wana klampu za kubania. Mimi nilikuwa na benchi. Nikang'oa mbao za kukalia, ikabaki fremu, nikalaza plaiwudi zangu juu yake, na katikati nikapandisha gunia la mahindi la mama mwenye nyumba, Mama Rehema. Zikabonyea vizuri kabisa. Gundi sikuionea huruma, niliimwaga kama mchuzi.

Kazi hiyo niliianza Jumapili yenyewe asubuhi (ndiyo, najua), na haukupita muda Mama Rehema akaja kudai gunia lake alipeleke mashineni.

"Mama, niachie mpaka alasiri tu."

"Na mchana wanangu wale plaiwudi?"

Akaondoka na gunia. Plaiwudi zikaanza kunyooka huku naziangalia, gundi inatiririka pembeni, na hapo hapo nikasikia hodi. Mzee Mhando, kawahi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na mwili, jamani, gunia na nusu. Nikatupia kigodoro juu ya benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nikae wapi?"

Kiti cha plastiki kilikuwepo, kimeegemea ukuta, ningeweza kukivuta. Badala yake nikasema, "Kaa hapo kwenye benchi, mzee. Katikati. Katikati ndiko kuzuri."

Akakaa. Plaiwudi zikalia krrr, zikapinda, upinde ule ule wa gesti. Nusura nipige makofi.

Mzee alikuja kwa muda mfupi, alitaka kuwahi gari la kurudi. Nikamletea chai. Akimaliza chai, mihogo. Kila alipokusanya magoti ainuke namwekea kitu mkononi, mara chungwa, mara glasi ya maji, mara simu yangu aangalie picha za injini. Nikamuuliza habari za shamba, habari za mvua, habari za babu yake, habari za babu wa babu yake. Mzee akalainika mpaka akavua kofia.

"Kijana, sijawahi kukirimiwa hivi," akasema. "Hata kwangu."

Nilisikia aibu kidogo, sikatai, lakini jicho langu lilikuwa kwenye plaiwudi.

Kisha ikaadhiniwa adhuhuri.

"Mzee, subiri kidogo!"

"Nisubiri nini, na ninaitwa kuswali?"

"Haijakauka," ulimi ukaniponyoka.

"Nini haijakauka?" akauliza, na tayari alikuwa ameinuka, na mlango wangu umeinuka naye. Gundi iliyotiririka ukingoni ilikuwa imeishika kanzu pale ilipoangukia nyuma ya magoti, na ilikuwa imekauka kwenye kanzu kuliko kwenye mbao. Akatoka hivyo hivyo hadi barazani, ambako Mama Rehema na jirani zake walikuwa wanachambua mchele, akawasalimu kwa heshima zake zote, nao wakamwitikia kwa heshima. Halafu akageuka kuniuliza bomba liko wapi, wakamwona kwa nyuma. Kobe, kasimama kwa miguu miwili.

"Mzee," Mama Rehema akasema, "umebeba mlango."

Mzee akageuka autazame, mlango nao ukageuka. Akajaribu upande wa pili, mlango huyo. Ungo wa mchele ulimwagika wote.

Alipochoka kuzunguka akanitazama. "Kijana. Ile chai ilikuwa ya heshima au ya uzito?"

"Ya uzito, mzee."

"Na mihogo?"

"Uzito."

"Na habari za babu yangu?"

"Hizo zilianza kwa uzito, mzee, ila baadaye nilitaka kujua kweli."

Mama Rehema akambandua kwa maji ya moto, akamwazima kanzu ya mumewe (mfupi, ikamwishia kwenye vigimbi vya miguu), naye akaenda msikitini bila kunitazama. Mimi nikaingia ndani nikaanza kufunga begi, kazi pekee ninayoijua hadi mwisho, na kumtungia Zaina maneno ya kuaga.

Nikasikia benchi linasogezwa. Mzee amerudi, ameurudisha mlango kwenye fremu, ametandika kigodoro, amekaa. Katikati.

"Lete chai," akasema.

"Mzee?"

"Leo lazima nione umemaliza kitu, hata kama ni mimi wa kukikalia. Na babu yangu tulimwacha amefika wapi?"

Alikaa mpaka alasiri. Jioni nikafunga bawaba mbele yake, nikapachika mlango, na ukafunga (unabaki wazi kidogo kwa chini, hakuangalia chini). Akavaa kofia yake. "Mahari tutaizungumza," akasema, "ila nitazungumza nimesimama."

Zaina sasa ni mke wangu na vyombo vyake vinakaa humo. Baba yake akija kututembelea, kwanza ananyanyua kigodoro, anachungulia chini, ndipo anakaa. Mimi nimenunua klampu mbili, na nimeapa: mgeni wangu akisema anaondoka, simbembelezi tena, nakimbia kumfungulia mlango.